Wasomaji Wanauliza: Arabuko-Sokoke na Viumbe Wake

Barua tulizopokea mwezi huu kutoka Lamu, Malindi na vijiji vya Gede zimeelekea upande mmoja. Zote zinauliza habari za msitu wa Arabuko-Sokoke, ule tunaoupita kila tusafiripo kwenda Mombasa na tukauona kama ukuta wa kijani kando ya barabara. Nimechagua saba na kuzijibu kwa kadiri ya uzito wa kila moja.

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Tunakusudia kuwaleta wanafunzi wetu wautembelee msitu wa Arabuko-Sokoke wakati wa likizo. Watoto wameona kwenye televisheni misitu ya mvua yenye miti mirefu iliyoziba jua na maporomoko ya maji, na hayo ndiyo wanayoyatarajia. Je, watayakuta? (Mwalimu, Lamu)

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Hawatayakuta, na ni vyema uwaambie kabla hamjapanda mashua kwenda Mokowe, kwa sababu mtoto anayekuja akitafuta maporomoko atapita mbele ya mambo makubwa bila kuyatazama. Arabuko-Sokoke ni msitu wa pwani, na ni mkavu kuliko misitu ya Kongo au hata ule wa Kakamega. Mvua yake ni kama milimita 600 kwa mwaka upande wa kaskazini-magharibi, nayo huongezeka hadi kupita 1,000 upande wa mashariki unaoielekea bahari. Eneo lake ni kilomita za mraba 420 hivi, na ndicho kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia Afrika Mashariki vya misitu mikavu ya pwani, misitu ambayo zamani ilifuatana na ufuo kwa masafa marefu.

Jambo ambalo ningependa watoto walione kwa macho yao ni kwamba wakiingia hapo wanaingia misitu mitatu. Wakianzia kituo cha msitu cha Gede watakuwa katika msitu mchanganyiko, wenye kivuli kizito na mizizi iliyosambaa njiani. Wakisonga ndani zaidi, udongo hugeuka mchanga mweupe kama wa ufuoni, miti huachana, mwanga huingia kwa wingi, na mti unaotawala hapo ni mrihi. Upande wa magharibi udongo ni mwekundu, na hapo ndipo penye mfunda, mti mfupi wenye matawi yaliyofumana kiasi kwamba mtu mzima hulazimika kuinama. Kila udongo una miti yake na kila miti ina wageni wake. Mtoto akikamata hilo peke yake, safari imelipa.

Watoto wa Lamu wana neema moja ambayo wageni wengi hawana, kwani wamelelewa ndani ya nyumba zenye vitu vilivyotoka katika misitu ya namna hii. Mwambie mwongozaji awaonyeshe mbambakofi uliosimama, kisha uwakumbushe milango ya kuchonga ya Mkomani ambayo huipita kila siku wakienda chuoni. Chini ya mti huo wataokota maganda magumu ya rangi ya kahawia, na wakilipasua moja watakuta mbegu zilizopangwa safu, nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kofia nyekundu upande mmoja. Waonyeshwe pia msandarusi, ambao utomvu wake ulisafiri kwa majahazi hadi ng'ambo ukawa vanishi ya samani za watu wasioujua hata mti wenyewe.

Jambo la mwisho, Mwalimu, ni kuwaambia kwamba wanyama wa msitu huu wana ndugu zao huko kwenu. Paa nunga, yule paa mdogo mwekundu mwenye mkanda mweupe mapajani, anaishi Arabuko-Sokoke na Unguja, lakini yuko pia katika misitu ya Boni na Dodori. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba kamera zilizotegwa katika misitu hiyo ya Kaunti ya Lamu zilimnasa sange mkubwa ambaye wataalamu hawakutarajia kumkuta huko. Sange ni nani, nitamweleza katika jibu linalofuata.

Kwa safari yenyewe, laleni Malindi au Gede ili muwe mlangoni alfajiri, na wagawe watoto katika makundi madogo, kila kundi na mwongozaji wake. Watoto arobaini katika mstari mmoja wataona migongo ya wenzao tu.

SWALI: Mhariri, mimi ni kijana wa Maweni hapa Malindi. Nimekwenda Arabuko-Sokoke mara mbili pamoja na marafiki. Mara zote tulifika kama saa nne asubuhi, tukatembea hadi adhuhuri, na tukaambulia vipepeo na kima mmoja. Nimesikia kuna sange mwenye matako ya dhahabu ambaye watu husafiri kutoka mbali kuja kumwona. Je, yupo kweli? (Kijana, Maweni)

JIBU: Yupo, mwanangu, na yaelekea amekusikia mara zote mbili kabla wewe hujamsikia. Saa nne mmekwisha kuchelewa, na kundi la vijana wanaozungumza husikika msituni kwa masafa ambayo sisi tuliozoea kelele za mjini hatuyafikirii.

Nami niliingia hivyo hivyo mara ya kwanza. Nilitembea upesi, nikitazama mbele na juu, kama mtu anayekagua shamba, na nilirudi nyumbani nikiwa nimeona miti. Mara ya pili nilikwenda na mwongozaji, mtu mzima aliyezaliwa kando ya msitu, naye alinikalisha juu ya gogo saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuniomba nisitie neno wala kuinua darubini. Tulikaa kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kisha nikasikia majani makavu yakilia upande wa kushoto: cha, cha, cha, kimya. Cha, cha, kimya. Mwongozaji hakugeuza kichwa, ila aliinua kidole kimoja juu ya goti.

Alitokea chini ya kichaka kama hatua kumi kutoka tulipokuwa. Ukubwa wake ulikuwa kama wa sungura mchanga, ingawa umbo ni lake peke yake: mgongo uliopinda kama upinde, miguu ya nyuma mirefu na myembamba iliyonikumbusha paa, na pua ndefu ambayo haikutulia hata mara moja. Aliitia chini ya majani, akaipinda huku na huku, akapekua kwa kucha za mbele, akala kitu, akasogea. Nyuma yake, hatua mbili tatu, alifuata ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, akidonoa wadudu waliokurupushwa. Ndege huyo ana desturi ya kumfuata sange, na tangu siku ile nikimwona akirukaruka chini peke yake huwa nasimama nikatazama mbele yake. Sange alipogeuka kuondoka ndipo nilipoona ile dhahabu. Mwili wote ni wa rangi ya kahawia iliyoiva ikaelekea wekundu, miguu ni myeusi, na kiunoni mpaka matakoni kuna kiraka cha manjano kinachong'aa hata kivulini. Nadhani nilimwona kwa dakika nne. Ninazikumbuka vizuri kuliko safari nyingi nilizozilipia pesa nyingi.

Sasa nikupe mambo ya kukusaidia. Sange huyu hutembea mchana na kulala usiku, tofauti na wanyama wengi wadogo, na huamka na mapambazuko, kwa hiyo saa za kwanza za asubuhi ndizo zako. Alasiri jua likipoa una nafasi ya pili. Mtafute kwa masikio, kwa maana anaishi juu ya majani makavu na hawezi kutembea bila kuyaliza. Ukisikia mlio wa kukatikakatika, simama. Ukisikia majani yakipigwa haraka mahali pamoja, huyo anapiga mkia chini kwa wasiwasi kwa sababu amekutambua, basi usisogee hata hatua moja mpaka atulie. Huenda pia ukakuta tuta dogo la majani ambalo upepo haukulirundika. Hicho huenda kikawa kiota chake. Hukijenga asubuhi na mapema, majani yakiwa bado na umande na hayalii sana, na huwa na viota kadhaa ambavyo hubadilisha. Zungukia mbali, usikipige teke kuona kilichomo.

Ukitaka kuanza na mahali pepesi, nenda kwenye magofu ya Gede. Msitu uliomea juu ya mji ule wa kale ni mdogo, njia zake zinapitika, na sange wamo. Kuta za misikiti na majumba yaliyohamwa karne kadhaa zilizopita zimekuwa ua wao.

Usimfanye sange kuwa shabaha yako pekee, hata hivyo. Ndege wa msitu huu, ambao ni zaidi ya aina 200, wana tabia ya kusafiri kwa makundi ya mchanganyiko, hasa katika mirihi. Mtu anaweza kusimama saa nzima asione unyoya, kisha ghafla miti ikajaa sauti na mabawa kwa dakika tano, na ukimya ukarudi. Humo ndimo hutokea mnana wa Clarke, ndege wa manjano na kijani ambaye duniani kote anajulikana katika Kaunti hii ya Kilifi tu. Viota vyake havikujulikana hadi mwaka 2013, vilipoonekana kwenye kinamasi cha pori la Dakatcha, kaskazini mwa Malindi yetu. Umeishi naye jirani maisha yako yote, kijana, na wako watu wanaovuka bahari mbili kumfuata.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Watamu. Mume wangu anataka tuwapeleke watoto msituni, lakini nasikia mna ndovu na nyati. Je, si hatari? (Mama, Watamu)

JIBU: Ndovu wamo, Mama, na nyati pia, na hofu yako ni ya haki. Kwa kawaida ndovu hushinda ndani sana na hujitokeza zaidi usiku wanapofuata maji, na uzio wa umeme umewekwa kuwazuia wasiingie mashambani. Mtakaloliona zaidi ni dalili zao: tawi lililovunjwa likiwa bado na utomvu, au kinyesi njiani. Mwongozaji hukitazama kinyesi hicho kwa makini, kwani kikiwa bado kina unyevu na joto hubadilisha njia bila mjadala. Mkisikia matawi makubwa yakivunjika, rudini mlikotoka kimyakimya, msikimbie wala msipige picha. Msiingie bila mwongozaji, na kwa watoto wadogo sana magofu ya Gede yanatosha. Wavalishe suruali ndefu, muingize miguu ya suruali ndani ya soksi, kwa sababu siafu na kupe watawasumbua mara nyingi kuliko ndovu.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee wa Siyu. Wajukuu wangu wanaosoma Malindi wananiambia kwamba watu hutoka Ulaya kuja kulipa ili waonyeshwe bundi katika msitu wa Sokoke. Sisi tumelelewa tukijua kwamba bundi akilia juu ya paa ni uchuro. Huyo bundi ana nini cha kutafutwa? (Mzee, Siyu)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Sitabishana nawe juu ya yale uliyoyapokea kwa wazee wako. Nitakueleza tu huyu ni bundi wa namna gani, na nina hakika utaona kwamba si yule wa mapaani.

Bundi wa Sokoke ni mdogo kiasi kwamba urefu wake haufiki shubiri moja. Wengine ni wa kijivu, wengine kahawia, na wengine wana wekundu wa kutu, ingawa wote ni kabila moja. Chakula chake ni wadudu, naye hakai penye nyumba wala minazi. Makao yake ni ile sehemu ya mfunda yenye udongo mwekundu, na nje ya hapa anajulikana katika misitu iliyo chini ya milima ya Usambara huko Tanzania, basi. Elimu ya kisayansi ilimpa jina mwaka 1966, jambo linaloonyesha jinsi alivyojificha, maana wakati huo wewe huenda ulikuwa kijana tayari.

Mchana hulala kwa jozi, dume na jike wamebanana kwenye kijitawi ndani ya kichaka, mara nyingi si juu zaidi ya kichwa cha mtu. Nimeonyeshwa mara moja. Mwongozaji aliniacha njiani, akatambaa peke yake kuhakikisha, kisha akanipeleka polepole na kunielekeza kwa jicho. Nilitazama pale pale kwa dakika nzima nikiona majani makavu mawili, mpaka moja lilipofumbua jicho la manjano. Hatukukaa. Kiumbe anayefanya kazi usiku kucha anastahili usingizi wake.

Hapa naomba nitoe dukuduku langu, mzee, kwa kuwa umeleta habari yake. Wako wageni wanaokuja na sauti za bundi huyu zilizorekodiwa kwenye simu, wakazicheza tena na tena jioni ili aje karibu wampige picha. Bundi huja, kwa sababu anadhani mwenzake ameingia katika eneo lake, na anaacha kuwinda ili apambane na adui ambaye hayupo. Fikiria hilo likifanyika kila jioni ya msimu wa wageni, kwa ndege wale wale wanaokaa karibu na njia. Ningependa kila anayeingia msituni aiache simu yake kimya na asikilize tu wakati wa magharibi, kwani bundi huyu hulia mwenyewe, mlio laini wa kujirudiarudia kama mtu anayebisha hodi mbali.

SWALI: Ni msimu gani mzuri wa kwenda, kaskazi au kusi? (Msomaji, Shela, Lamu)

JIBU: Inategemea unachokitafuta. Mvua za masika zikianza, vyura hujaza vidimbwi kwa sauti zao, na baada ya mvua vipepeo huwa wengi, lakini njia za udongo mwekundu huteleza na gari hunasa. Miezi ya kusi ina hewa ya kupoa na huleta ndege wageni kutoka kusini mwa bara. Miezi ya kaskazi ni mikavu, majani yanalia, na kwa mtu anayemtafuta sange hilo ni jambo jema.

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima karibu na Gede. Kila siku tunaambiwa tuuhifadhi msitu kwa ajili ya wanyama na watalii. Sisi majirani tunapata nini? (Mkulima, Gede)

JIBU: Ndugu yangu, swali lako ni la haki na lingepaswa kuulizwa kabla ya mengine yote. Jirani wa msitu ndiye anayelala macho nyani wakila mahindi yake, na ndiye anayekatazwa panga.

Jibu lenye uzito ninalolijua liko hapo hapo penu, kwenye magofu ya Gede, katika mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993. Msitu huu una zaidi ya aina 250 za vipepeo. Mkulima hupata vipepeo jike kutoka msituni, huwaweka ndani ya kizimba cha neti wakatage, kisha huwalisha viwavi kwa majani ya mti ule hasa ambao kiwavi wa aina hiyo anaukubali, kwa sababu kiwavi akipewa majani yasiyo yake hufa njaa. Wakifikia hatua ya pupa, yaani kile kifuko kigumu ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, mkulima huwapeleka mradini na kulipwa, nao husafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Kazi hiyo haingoji, maana pupa ana siku zake chache, na akipasuka njiani bei imekwenda. Nimemwona mama mmoja akizipanga ndani ya kisanduku juu ya pamba, moja moja, kwa uangalifu ambao mimi huuona kwa wanaopanga mayai, ingawa yeye alikuwa akipanga karo ya muhula.

Mbegu ya biashara hiyo ni msitu wenyewe. Ukikatwa mti ambao viwavi wa aina fulani huula, aina hiyo hutoweka kwenye kizimba cha mkulima pia. Asali ni hivyo hivyo, kwani nyuki hufuata maua ya msituni. Lakini naungana nawe kwamba wanaofaidika bado ni wachache ukilinganisha na vijiji vinavyouzunguka msitu, na ndiyo maana mitego ya waya haijaisha. Mtego aliotegewa paa humnasa sange vilevile, na anayeutega hana haja naye. Ukiukuta mmoja ukienda kuokota kuni, kumbuka mahali, weka alama kwenye mti ulio karibu, na upeleke habari kituo cha Gede siku hiyo hiyo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, nina miaka kumi. Kwa nini matako ya sange ni ya dhahabu? (Mtoto, Malindi)

JIBU: Mwanangu, umeuliza swali ambalo wataalamu nao wamelifikiria sana. Wanasema kwamba chini ya ile rangi ya dhahabu ngozi ni nene, hata mara tatu kuliko ngozi ya katikati ya mgongo. Sange hulinda eneo lake, na sange mgeni akiingia hufukuzwa na kung'atwa kwa nyuma. Pia adui akiruka kumkamata, jicho lake huvutwa na mahali panapong'aa, kwa hiyo hulenga matakoni, ambako ngozi ni ngumu, badala ya shingoni. Siku utakapomwona, ukiwa umekaa kimya pamoja na mwongozaji, mtazame anapokimbia: miguu na mwili hupotea kwenye kivuli, na kinachobaki machoni mwako ni doa la manjano likienda mbio chini ya vichaka.